Safari ya Queensburgh, Kukagua Mlango wa Dereva

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiandika kitabu cha Kiswahili kuhusu vifaru vya Marekani: jinsi vilivyobuniwa, vilivyoundwa na vilivyopigana. Nimekiandika nyumbani Morogoro, jioni, baada ya kazi yangu ya kutengeneza pampu za maji. Mwaka huu mswada ulikamilika na mpiga chapa akaandaa jalada. Ndipo nilipowasomea wenzangu wa kikundi cha kusoma sura ya tisa, inayoeleza jinsi askari walivyotoka kifaru kikishika moto. Kuhusu kifaru aina ya Sherman nilikuwa nimeandika hivi: "Dereva alikuwa na njia kadhaa za kutoka, na aliweza kuhama kutoka moja hadi nyingine bila shida."

Mwalimu mmoja mstaafu alivua miwani. "Wewe umewahi kukaa ndani?"

Sikuwahi. Sikuwahi hata kukigusa kwa nje. Usiku ule nilijiuliza: ikiwa sentensi ile ni ya uongo, ni ngapi nyingine zinazofanana nayo? Asubuhi nilimwomba mpiga chapa asimamishe kazi kwa wiki tatu.

Dada yangu Agnes anaishi Durban, mtaa wa Greyville, na mumewe Floribert, Mkongo wa Uvira mwenye saluni. Floribert ndiye aliyenijulisha kwamba baba wa mteja wake mmoja, fundi magari mstaafu mwenye asili ya Kihindi, anacho kifaru cha Sherman uani kwake Queensburgh. Jambo hilo halikunishangaza. Waafrika Kusini walivitumia vifaru hivyo Italia katika vita ya pili ya dunia, na vichache vimebaki nchini mwao. Nilifunga mzigo: futi ya chuma, tochi, ovaroli, penseli nne.

Alhamisi alasiri nilifika. Floribert, ambaye Kiswahili chake cha Kongo huchanganya Kifaransa, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. "Beau! Karibu, karibu! Mais umekonda sana. Tutakurekebisha." Beau ndilo neno lao la shemeji. Nilirekebishwa kwa fufu, ule ugali wao wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki, mara tatu kwa siku, na kila nilipoinua mkono kusema nimeshiba niliongezewa.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikuwa sebuleni nimevaa ovaroli. Floribert alitoka chumbani akiwa na suti ya rangi ya samawati, vipande vitatu, koti lenye mikia mirefu, na viatu vinavyong'aa.

"Tunakwenda kwenye grisi," nilimwambia.

"Beau, tunaenda kwa batu. Mutu haendi kwa batu akiwa kama fundi."

"Mimi ni fundi."

"Njo vile nasema."

Agnes alicheka. "Kaka, mwache. Huyu hata kutupa takataka anafunga tai."

Saa tatu kasorobo tulikuwa barabarani. Kwenye kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, Floribert alijitazama kwenye kioo na mimi niliendelea na maelezo. Nilimweleza kwamba Wamarekani waliingia vitani wakiwa na vifaru vichache na vidogo. Kwa haraka waliunda kimoja kirefu chenye mzinga mkubwa ubavuni, kwa sababu hawakuwa bado na kichwa cha kuzunguka chenye uwezo wa kuubeba. Kisha ikaja Sherman, mzinga ukapanda juu. Nayo ilikuwa ndefu kwenda juu, kwa kuwa nyingi zilitumia injini iliyobuniwa kwa ajili ya ndege.

"Waliweka injini ya avion ndani ya machine ya chini?"

"Ndiyo."

"Na haikupaa?"

"Ina uzito wa tani thelathini, shemeji."

Alifikiri mpaka robot iliyofuata. "Vraiment, Wamarekani."

Saa tatu na nusu tulifika Queensburgh. Mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Anko Ronnie, alitufungulia geti akiwa na kaptura na kandambili. Alizungumza Kiingereza, nami naandika maana yake. Alimtazama Floribert kutoka juu hadi chini. "Na huyu bwana harusi?"

Kifaru kilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na mti wa ndimu. Nilikizunguka mara mbili. Kisha nilipima bamba la mbele, na lilipolingana na kitabu changu nilifurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Anko Ronnie alitangulia kunionya. Mlango wa dereva msaidizi aliuchomelea zamani ili mvua isiingie, na chini ya ule wa sakafuni alijenga nguzo ya zege ili kifaru kisizame. Nilibaki na mlango wa dereva, na njia ya nyuma kupitia kwenye kichwa. Niliona zinatosha kwa jaribio.

Saa nne kamili nilishuka kwenye kiti cha dereva, nikavuta kifuniko kikafunga juu yangu, nikawasha saa ya simu. Mpango ulikuwa kutoka haraka iwezekanavyo na kuandika sekunde.

Wakati huo Floribert alikuwa ameingia kichwani kupitia juu. Nilimsikia akimwambia Anko Ronnie, "Hii mzinga iangalie upande wa ndimu, photo itakuwa bien. Groupe ya kanisa inangoja." Anko Ronnie, ambaye alijivunia gia zake kuliko kitu chochote, alimwonyesha kutokea juu mkono wa kuzungushia kichwa. Nilisikia meno ya gia yakitembea taratibu, kisha yakakwama.

Nilisukuma kifuniko. Kilipanda vidole vinne, kikagonga mzinga.

"Shemeji, rudisha!"

"Beau, haitembei! Iko kitu inanikamata nyuma!"

Lilikuwa koti. Mkia wake ulikuwa umeingia katikati ya meno ya gia.

"Usilazimishe!" Anko Ronnie alipiga kelele. "Miaka sita nimeitengeneza hiyo!"

"Koti iko ya mariage yangu!"

"Utaniharibia jino!"

"Na hii bitambaa unajua inatoka wapi? Paris!"

Niliwasikiliza kwa dakika kadhaa. Mimi sikutajwa. Nilijaribu njia ya nyuma, kupita kwenda kichwani, ambayo mswada wangu uliisifu. Kilichonizuia ni wavu wa chuma wa sakafu ya kichwa. Pale kilipokwama, uwazi uliobaki ulinipitisha hadi mabegani tu, na fufu ya siku mbili haikusaidia. Nilirudi kitini. Jua la Durban lilikuwa limekipasha chuma moto, na jasho lilidondokea kwenye daftari. Hapo nilimfikiria kijana mmoja nisiyemjua jina, aliyekaa kwenye kiti kama hiki na moshi ukimjia kutoka nyuma, akisukuma kifuniko kinachopanda vidole vinne. Mimi nilikuwa nimemwandikia "bila shida".

Nilitoa mkono kwenye ule upenyo. "Shemeji," nilisema, "tafadhali."

Kelele zilikoma. Floribert aliutazama mkono wangu, nadhani, kwa sababu sauti yake ilibadilika kabisa. "Anko. Leta mikasi."

"Una uhakika?"

"Kata. Kata, beau iko anapikwa mule."

Mikasi ya mabati ilifanya kazi yake. Mzinga ulisogea. Nilipotoka, saa ya simu ilionyesha dakika arobaini na moja. Floribert alisimama juu ya kifaru, mkia mmoja wa koti umeishia kiunoni, akinipangusa uso kwa kitambaa chake cha hariri.

"Sharp," alisema Anko Ronnie, neno lao la "safi". Kisha aliingia kichwani kuangalia gia.

Jumanne nilipanda ndege kurudi. Nilikuwa nimejua idadi ya milango na upana wa kila mmoja, lakini sikujua kwamba dereva hutoka pale tu aliye juu yake anapomkumbuka. Niliifuta ile sentensi nikiwa angani, na hadi tunatua nilikuwa nimeandika kurasa saba badala yake.

Mpiga chapa amelalamika kwamba sura ya tisa sasa ni ndefu mno kwa kitabu kile. Nimemwambia apunguze ya kumi, ile inayohusu ushindi.