Siwema na Pijo Lililokula Tairi Upande

"Mama Shamsa, eda imeisha juzi tu, hivi kweli unakwenda kulala chini ya magari ya watu?"

Aliyeuliza ni Bi Zamzam, jirani wa mlango wa pili, ndoo ya maji mkononi. Siwema, ndiye huyo Mama Shamsa, alikuwa anafunga mlango. Alivaa ovaroli la marehemu mumewe juu ya dera, na mtandio kaubana vizuri.

"Silali, shoga yangu. Nachuchumaa tu," akajibu, akasema Bismillahi, akashika njia ya Gerezani, mtaa wa mafundi magari.

Mumewe Twaha, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kunyoosha magurudumu ya magari ya zamani, yale ambayo vijana wa mashine za kompyuta hawayapendi. Miaka kumi na tisa Siwema alimpelekea chakula cha mchana, na kila alipofika aliambiwa, "Nishikie huo uzi kwanza." Uzi ulivutwa kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, ndipo Twaha akapima kwa rula. Ukishika uzi miaka kumi na tisa, mkono nao unajifunza kusoma.

Lakini Gerezani nafasi ya fundi aliyefariki haigawiwi kwa huruma. Mrisho, mwenyekiti wa mafundi, alimwambia wazi, macho kayatupa pembeni:

"Shemeji, tunakuheshimu sana. Ila hapa ni pa fundi, si pa mjane. Kuna Pijo la Mzee Ubeid, linakula tairi upande, limeshinda mashine mbili. Linyooshe. Mwezi wa Mfungo Nane ukiandama halijanyooka, hapa anakaa muuza betri."

"Inshallah," akasema Siwema.

Kesho yake Mzee Ubeid, muuza vitambaa wa Mchafukoge, akaingia na Pijo 504 jeupe aliloachiwa na baba yake. Ni mzee mwenye heshima zake na mwili mkubwa aliojaliwa. Kiti cha plastiki na kahawa vikaletwa haraka, vikawekwa kando ya injini mbovu iliyokuwa imetupwa hapo.

Siwema akapitisha kiganja kwenye tairi la mbele kulia. Upande wa ndani kipara kitupu. Upande wa nje kashata zote, vile vinundu vya mpira, zipo. Kutoka ndani kwenda nje mkono uliteleza, kurudi ukakwaruzwa kama na magamba ya changu. Hapo akajua: gari likitembea, magurudumu ya mbele yanatanuka. Akavuta uzi, akapima. Yamenyooka. Akapima tena. Yamenyooka vilevile.

"Hata mashine zilisema hivyo hivyo," Mrisho akadakia. "Unadhani ningekupa rahisi?" Mafundi wakacheka.

Mzee Ubeid akakumbuka miwani yake. Akanyanyuka, akaingia garini, akakaa kuitafuta. Gari likalalia kulia. Siwema, uzi bado mkononi, akaona ukingo wa mbele wa tairi unasogea taratibu mpaka ukagusa uzi. Mzee aliposhuka, ukarudi.

Subhanallah! Kila gereji aliyokwenda, mzee alipewa kiti na kahawa. Nani angemwacha mtu mzima garini, juani, akipimiwa gari kama mzigo? Adabu yote ile, na hakuna aliyewahi kulipima gari akiwa ndani.

"Mzee wangu, niwie radhi," akasema kwa upole. "Naomba ukae kwenye usukani, nipime ukiwa ndani."

"Shemeji!" Mrisho akaruka. "Unampika mzee wa watu juani?"

Mzee Ubeid akamtazama Siwema. "Unapima gari au unanipima mimi?"

"Nyote wawili, mzee wangu. Gari peke yake halina kosa. Tairi linaliwa mkiwa pamoja."

Mzee akaangua kicheko, akaingia, akazidi kucheka mpaka Pijo likanesa.

"Tulia, mzee wangu, uzi unacheza!"

Sasa rula ikasema kweli: mbele kumetanuka unene wa sarafu tatu. Siwema akachuchumaa, akazungusha vyuma vya usukani kidogo huku, kidogo kule, akapima, akazungusha tena, jasho likimtiririka, mpaka uzi ukakubali. Mzee akaenda zake kufunga matairi mapya mbele.

Wiki saba zikapita, Siwema akihesabu siku kwa dua. Zamani muda kama huo tairi lilikuwa limekwisha. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, Pijo likaingia Gerezani honi ikilia mfululizo, mzee kichwa nje dirishani: "Njooni mshike! Njooni mshike wenyewe!"

Mafundi wakaja, kila mmoja na kiganja chake. Mrisho akapapasa kwenda, akapapasa kurudi. Kashata sawasawa, ndani na nje.

"Mashallah," akasema, akasimama akipangusa mikono. "Fundi Siwema, hapa ni pako. Mwenye neno aseme sasa."

Mzee Ubeid akajibu kwa honi.

"Na wewe, fundi, una neno?" Mrisho akamuuliza Siwema.

"Ninalo moja," akasema Siwema. "Ile injini mbovu mliyonitupia hapa nilipokuwa edani, naomba muiondoe leo kabla ya adhuhuri. Nataka pa kutandika mswala."