Nilisoma Nirudi Wodini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na miaka kumi na minane ya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi hapa Arusha, nilinyamaza mahali ambapo sikupaswa kunyamaza.

Binti mmoja aliletwa na mama yake kutoka kijiji cha huko juu, Meru. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Nikasikiliza tumbo kwa kile kifaa chetu cha bati chenye umbo la faneli, nikasikia mapigo ya mtoto yanashuka. Nilijua maana yake. Nikamwambia daktari, kijana aliyemaliza chuo juzi tu.

"Tusubiri kidogo, sista," akasema.

Nikasubiri, bila kumbishia. Alipokubali binti apelekwe kufanyiwa upasuaji, muda ulikuwa umekwisha. Mtoto alitoka kimya, na hakulia kamwe.

Jioni yule mama akanikuta koridoni.

"Nilikuangalia usoni. Ulijua."

"Nilimwambia daktari, mama. Mwenye kauli ni yeye."

"Basi na wewe kaitafute hiyo kauli."

Akageuka akaenda kukaa na binti yake.

Miaka ile hospitali za binafsi zilikuwa zinafunguliwa mjini kila kukicha, na wenzangu wengi walihamia huko. Mimi nilikuwa na shahada ya kwanza niliyoisotea ukubwani. Nikaomba ruhusa nikasome uzamili wa ukunga. Mkuu wangu alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Neema, uzamili wa kuosha wagonjwa?"

"Ndiyo, mzee. Wa hao hao ninaowaosha."

Akaninyima. Mwaka uliofuata akaninyima tena. Mara ya tatu sikuomba. Niliandika barua ya kumwambia naondoka, na kama nafasi yangu itakufa, ife. Mume wangu, Mungu amweke pema, alibaki nyumbani Kimandolu na watoto, akajifunza kupika machalari, zile ndizi za nyama, yasiyoungua. Darasani nilikaa na mabinti waliolingana na Neema wangu. Wakiniamkia shikamoo, naitikia, kisha nawauliza hesabu za takwimu, maana zilinitoa jasho kweli.

Niliporudi, mkuu alikuwa amestaafu. Yule mpya alinipa ofisi yenye zulia. Nikaikataa.

"Msomi kama wewe urudi kushika beseni?" akashangaa.

"Nilisoma nirudi wodini," nikamjibu. "Na ninataka muuguzi akisikia mapigo yanashuka, awaite watu wa upasuaji yeye mwenyewe, bila kungoja."

Madaktari walipinga. Nikaenda kwenye kikao na mafaili ya akina mama wetu waliopoteza watoto, nikayasoma moja baada ya jingine mpaka wakaacha kutazama saa zao. Utaratibu ukabadilika. Haukumrudisha mtoto wa yule binti, nami sijawahi kujidanganya hivyo.

Sasa wewe, mwanangu, muuguzi mwenzangu, uliyenijia ukisema umezeeka mno kurudi shule na uzoefu unakutosha. Haukutoshi. Mimi nilikuwa nao nikanyamaza. Nenda kasome. Wakikucheka, jaza fomu huku wanacheka. Ukimaliza, usikubali elimu ikuondoe kwa mgonjwa. Rudi kitandani pake, useme unachokijua, na usiposikika, sema tena kwa sauti zaidi.

Mungu akupe kichwa chepesi darasani na miguu imara wodini, na asiwepo mtu wa kukuziba mdomo. Nenda, mama.