Kabati Nililolipanga kwa Majina ya Wanaume

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningependa kuisahau. Nilikuwa nimekaa mbele ya taipureta katika ofisi ya viwanja pale Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, nikichapa barua ya kumtoa mwanamke nyumbani kwake, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Nilijisifu kwamba sikukosea hata herufi moja.

Nakuita mwanangu ingawa mtoto niliyemzaa bado ananyonya na kichwani sina mvi. Lakini naona mnavyojiandikisha kusomea usimamizi wa ofisi, na nikinyamaza hasira itanimaliza.

Nilitoka Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, nikiwa na cheti cha sekondari na kiburi changu. Mwaka wa pili wa kozi tulipelekwa maofisini kujifunza kwa vitendo. Kila mmoja alitakiwa atafute jambo moja ofisini, alitengeneze, aandike ripoti, na mkurugenzi aisaini. Bila saini hiyo hupati diploma.

Mimi nikaliona kabati la mafaili ya nyumba. Mtunzaji wake alikuwa mama mtu mzima tuliyemwita Koko, yaani bibi. Aliyapanga kwa majina ya wanawake: nyumba ya fulani, aliyepewa na mama yake fulani. Kitabu chetu, kilichotoka Ufaransa, kilisema faili la makazi liwe na jina la mkuu wa familia. Nikamwambia Koko mpango wake umepitwa na wakati. Nilimwambia hivyo hivyo, bila haya.

"Haya, msomi," akasema. "Magoti yangu hayataki kubishana. Panga."

Wiki tatu nilihamisha kila nyumba chini ya jina la mume. Mkurugenzi alilitazama kabati, akasema nitafika mbali.

Zilikuwa zama za mamluki, wale wazungu wa bunduki walioamua mambo ya watu bila cheo unachoweza kukiandika popote. Mmoja wao akaja na mkurugenzi, anatafutia wenzake nyumba karibu na bahari. Nikavuta droo. Hajamaliza kuwasha sigara, kadi ya faili iko mkononi mwake: bwana mmoja, nyumba mbili.

"Moja inamtosha," mzungu akasema.

Yule bwana akaitwa, akasaini bila kusita. Asite ya nini? Nyumba aliyoitoa ilikuwa ya mke ambaye tayari alikuwa amemtaliki. Nikaambiwa nichape barua.

Kila barua ilipita kwa Koko, aiandike kwenye daftari lake kabla ya kugongwa muhuri. Hii aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Mjukuu wangu, ulizaliwa nyumba ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Na baba yako?"

"Alikuja kuoa hapo."

"Siku akiachana na mama yako, anatoka na nini?"

"Na nguo zake, Koko."

"Huyu wewe umemfungashia na nyumba."

Mwanangu, jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nyumba kwetu mama humpa binti, mume huingia akiwa mgeni. Hakuna aliyenificha. Nililijua, nikaliweka kando kwa sababu halikuwa kitabuni. Hasira niliyo nayo mpaka leo ni hiyo.

"Nifanyeje?" nikamwuliza.

"Unaniuliza mimi? Msomi ni wewe. Mkurugenzi yumo ndani na mzungu wake."

Niliogopa. Watu walikuwa wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo niliyokwenda kusema, na saini ya ripoti yangu ilikuwa ya mtu nitakayemwaibisha mbele ya mgeni. Nikaingia.

"Kadi niliyotoa ni ya uongo," nikasema. "Nyumba ile ni ya Mma Asma, mke aliyetalikiwa na yule bwana. Amepewa na mama yake, na anaishi humo na watoto watatu."

"Kadi si ndiyo rekodi yetu?" mkurugenzi akasema.

"Ndiyo, na nimeiharibu mimi. Hata nyumba ya mkeo, bwana, nimeiandika kwa jina lako. Mama mkwe wako bado hajaambiwa."

Mkurugenzi akakohoa. Mzungu, asiyejua lugha yetu, akauliza nimesema nini. Barua ikachanwa, na yule mgeni akaambiwa atafutiwe nyumba ya serikali. Alitoka bila kuaga.

Mma Asma alibaki kwake. Ripoti yangu haikusainiwa. Wiki tatu nyingine nilirudisha mafaili, Koko akinitajia majina ya akina mama na mabibi zao, akinicheka kila nilipochoka. Mwaka ule nikaurudia wote, na diploma nikaja kuipokea nikiwa na mimba kubwa.

Basi soma, tena soma sana. Sikwambii uvichukie vitabu. Ila kabla hujagusa kazi ya mtu, keti naye umwulize kwa nini anaifanya vile. Ujue kwamba kila karatasi ya ofisini ina mtu anayelala chini ya paa fulani. Na ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe siku hiyo hiyo, hata kama itakugharimu mwaka. Mwaka unarudiwa. Mama akishatolewa barabarani na wanawe, huwezi kumrudishia siku ile.

Mungu akufaulishe, mwanangu, akupe mkono mwepesi kazini na ulimi usioogopa kukiri. Amina.