Tulipouza Kimya

Redio yetu ya mtandaoni ilikuwa na studio ya kisasa kabisa: chumba cha nyuma cha duka la spea za baiskeli pale Kimamba, magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta mpakato iliyong'oka herufi tatu, na feni ambayo hatukuthubutu kuiwasha tukiwa hewani kwa sababu ilisema kuliko sisi. Tulikuwa wawili, mimi na mwenye duka. Mimi nilisoma, yeye alibonyeza. Wasikilizaji wetu walikuwa Kilosa, Mikumi, Munisagara na Ulaya, ile Ulaya yetu ya mahindi, siyo ile ya kupandia ndege.

Usidhani walitupendea muziki. Walitupendea vifo. Kila siku saa sita mchana tulisoma tanzia, na kabla ya kusoma tulikaa kimya dakika nzima. Nadhani siku ya kwanza nilikuwa natafuta miwani. Lakini watu walikipokea kile kimya kama desturi ya mababu. Redio ikinyamaza saa sita, mtu aliacha jembe akaita jirani, na dakika ilipoisha watu kumi walikuwa wameizunguka simu moja. Wazee ndio waliokipenda zaidi. Kwetu mzee hapigiwi simu kuambiwa msiba. Hutumiwa mtu, akaamkia, akakaribishwa kigoda, ndipo akasema alichotumwa. Kimya chetu kilifanya kazi ya kigoda.

Ndipo soko huria likatukumbuka na sisi. Alikuja mtaalamu kutoka Dar, viatu vimechongoka mbele, wa kampuni iliyokuwa ikikusanya redio ndogo za mtandaoni na kuzitia matangazo ya biashara. Alitusikiliza siku moja tu, ikamtosha.

"Mna dakika moja kila siku haina kitu," alisema. "Na ndiyo yenye wasikilizaji wengi kuliko zote. Braza, mmelalia dhahabu."

Mwenye duka akasema ile dakika ina kitu. Mtaalamu akamtazama kwa huruma, kama mgonjwa aliyekataa sindano. Mimi, msomi wa kidato cha nne, nilielewa upesi, nikamwambia mwenzangu asituzuilie maendeleo. Tukasaini. Dakika moja ikawa tatu, maana dhahabu huzaana: sabuni, kubeti, mikopo ya papo kwa papo, na mwanamke aliyecheka peke yake kwa furaha ya kununua bando. Kisha tanzia, ikiletwa kwa hisani ya sabuni ile ile. Marehemu hawakulalamika.

Walio hai walijifunza haraka. Bando haliokotwi, kwa hiyo matangazo yalipoanza watu walizima, wakakusudia kufungua tena baadaye. Kwenye ripoti za mtaalamu, aliyefungua akazima alikuwa msikilizaji sawa na mwingine yeyote. Tukapongezwa sana.

Baba yangu alifariki alfajiri moja ya masika. Alikuwa kibarua wa mkonge maisha yake yote. Aliona mashamba yakitaifishwa, akayaona yakibinafsishwa, na alikuwa akisema mara zote mbili hakubadilishiwa panga. Maziko yakapangwa baada ya alasiri. Baba mdogo akataka kutuma bodaboda Ulaya akamlete shangazi, dada pekee wa marehemu, aliyekuwa amempikia uji miezi miwili ya ugonjwa kabla ya kurudi kwake kupalilia.

Nikamzuia. Nilikuwa na uchungu, na kiburi kilikuwa hakijafiwa. "Baba mdogo, njia yote tope," nilisema. "Redio itafika kabla ya bodaboda. Shangazi hakosi saa sita." Tanzia niliisoma mwenyewe. Sauti haikutetemeka, na Mungu anisamehe, nilijisifu kwa hilo.

Shangazi hakufika. Tulimngoja mpaka watu wakaanza kutazama jua, tukazika.

Alikuja kesho yake asubuhi, amepakiwa nyuma ya baiskeli, tope mpaka magotini, na kuku aliyefungwa miguu kwa ajili ya supu ya mgonjwa. Aliliona turubai uani. Aliwaona wanaume wamekaa kwenye mikeka. Akashuka taratibu, akamlaza kuku chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmeshamzika?"

"Jana, shangazi. Nilisoma redioni."

"Jana nilifungua saa sita," alisema. "Wakaanza wale wa sabuni, nikazima. Nilipofungua tena mlikuwa mnapiga muziki. Nikasema, alhamdulillahi, leo hakuna msiba, ngoja kesho nimpelekee kaka yangu kuku."

Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaizoea. Alikaa mkekani, akafunga kanga yake vizuri, akaniuliza kama karatasi niliyosomea bado ninayo. Ilikuwa mfukoni mwa shati.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea, nimepiga magoti mbele yake. Nilisoma jina la baba, mtaa wake, saa ya maziko ambayo ilikuwa imekwisha pita. Nilipofika pale panaposema habari zimfikie dada wa marehemu aliyeko Ulaya, nilikwama. Shangazi akangoja nimalize. Nikamaliza.

"Zimenifikia," akasema.