Damu ya Mpishi na Mdomo Wangu

Mdomo wangu umenitia matatani mara nyingi, lakini ni mara moja tu ulipokaribia kuniulia mtu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpimaji wa damu katika hospitali moja pale Isiolo. Maabara ilikuwa chumba kimoja: sinki, meza, hadubini iliyotegemea jua la dirishani, na friji ya mafuta ya taa. Hiyo friji ndiyo ilikuwa roho yangu. Dawa zangu zote za kupimia zilikaa humo, na zikiharibika nilikuwa nangoja lori kutoka Nairobi mpaka nisahau nilichoagiza.

Sasa mpishi wa hospitali, Mborana mmoja mwenye kifua kipana na kicheko cha kusikika hadi soko la mifugo, alikuwa amejigawia rafu ya juu. Hakuniuliza, hakuniomba. Nikifungua friji asubuhi nakuta paja la mbuzi limejilaza juu ya chupa zangu kama mgonjwa aliyelazwa. Nikisema, ananijibu, "Sista, damu na damu zinajuana." Nikimshtaki kwa wakubwa, wakubwa wananikumbusha kwamba nyama hiyo wanakula na wao.

Asubuhi moja paja likachuruzika. Chupa tatu zikaingia maji ya nyama. Wacha! Nililivuta lile paja, nikalitupa nje, mbwa wakalipokea kabla halijagusa chini. Mpishi akaja mbio na mwiko mkononi, na mbele ya foleni nzima ya watu walioshika vikopo vyao vya choo, nikamwonyesha kidole: "Huo mkono unaoingiza nyama kwenye friji yangu, Mungu aukaushe!"

Foleni ikarudi nyuma hatua moja. Mimi ni Mmeru, na Isiolo imekaa chini ya milima yetu. Kila mtu pale alijua, au alidhani anajua, kwamba laana ya Mmeru haianguki chini. Mzee mmoja akasogeza mtoto wake nyuma yake. Mpishi peke yake ndiye aliyecheka. "Ngoja basi nimalize kusonga ugali," akasema, "ndio ukauke."

Siku ya tatu, mfupa wa mbuzi ukamchoma kidole cha kati. Mkono wa kulia. Ule ule.

Akakifunga kitambaa, akaendelea kupika. Baada ya siku mbili mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Siku iliyofuata alianguka kando ya sufuria ya maharagwe, mwili ukiwaka moto, akaanza kumkemea ngamia wa baba yake aliyekufa zamani. Wakamlaza. Kesho yake nilipopita wodini kuchukua damu yake, wauguzi wawili walikatiza mazungumzo yao. Nilijua walikuwa wanazungumza nini. Hata mimi ndilo nililokuwa nawaza.

Nikaiweka damu chini ya hadubini, nikashika kidude changu cha kuhesabia. Chuoni mwalimu alitufundisha hivi: usaha ukiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huongezeka, kwa sababu ndizo askari. Ukikuta nyingi, usiogope sana, vita bado vinapiganwa. Ogopa ukikuta chache. Chache maana yake askari wameisha na adui yuko ndani ya nyumba.

Nilikuta elfu mbili. Mtu mzima mwenye afya hakosi elfu nne, na huyu, kwa ugonjwa ule, angekuwa na elfu ishirini. Tena hao wachache wenyewe, nilipowapaka rangi na kuwatazama, wengi walikuwa wachanga, ambao kwa kawaida mwili hauwatoi mpaka wakomae.

Nikahesabu tena. Elfu mbili. Nilihesabu mara tano, na msidhani ni bidii. Niliogopa. Nilidhani labda chuki yangu inapunguza hesabu.

Nikakimbia kwa daktari, kijana mwembamba asiye na maneno mengi. Akasoma karatasi mara mbili. "Usaha umeingia kwenye damu," akasema. "Kidole kitoke leo, mkono ufunguliwe. Tukingoja kesho, tutampoteza. Lakini mama yake amekataa."

Huyo mama alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa lori kutoka upande wa Kinna, yeye na mbuzi jike mweupe. Habari ya laana ilikuwa imemfikia kabla hajashuka. Alikuwa amemwambia daktari wazi: kwa nini mkate mtoto wangu, na mwenye ugonjwa yuko pale kwenye chumba cha damu?

Niliporudi maabara nikamkuta mlangoni, habari ya hesabu imemfikia kabla yangu. Mwanamke mfupi, mkavu, macho makali. Mbuzi alikuwa amekwisha kufungwa kwenye kitasa changu.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama."

"Nasikia umempa elfu mbili."

"Mama, mimi sikumpa..."

"Yeye ni mtu mkubwa. Umeona kifua yake? Elfu mbili ni ya mtoto. Mbuzi ndio huyu. Ongeza."

"Mama, mimi sigawi. Mimi nahesabu tu."

"Mwalimu ya mjukuu yangu pia alisema hivyo," akasema, "na baadaye aliongeza maksi."

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo nilimshika mkono, nikamketisha kwenye stuli yangu, nikamwambia atazame mwenyewe. Alifumba jicho moja, akafumba la pili, akafumba yote mawili. Mwishowe akapata. Akashusha pumzi.

"Hizi nyekundu ni nyingi, ziache," nikamwambia. "Tafuta zenye kitu cha zambarau katikati. Ile ambayo zambarau yake imekatika vipande vipande, huyo ni mkubwa. Ile ambayo zambarau yake ni moja, imepinda tu, huyo ni mtoto."

Nikawa namsogezea kioo polepole. Alitazama kwa muda mrefu. Nje mbuzi alikuwa anatafuna karatasi zangu za kuombea vipimo, nikamwacha.

"Naona watoto," akasema. "Wakubwa wako wapi?"

"Wamekwisha, mama."

Hakuinua kichwa. "Ukifika kwenye boma ukute watoto peke yao ndio wanachunga," akasema taratibu, "hiyo boma imekufa, ama inakufa."

"Ndiyo, mama."

Akasimama, akalifuta jicho la hadubini kwa shuka. "Basi wakate," akasema. "Lakini wewe kwanza utoe maneno yako."

Na hivyo ndivyo mimi, msichana wa cheti cha Nairobi, nilivyojikuta kwenye mlango wa thieta ya upasuaji, mpishi amelala kwenye kitanda cha magurudumu, daktari amevaa glavu, na mama amesimama akingoja niutemee mate ule mkono kama wazee wanavyobariki. Daktari alinitazama. Nikamtazama. "Fanya haraka," akasema.

Mate hayakuja. Walahi! Mdomo uliotoa laana bila kusukumwa ulikuwa mkavu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Nikajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Mama akaguna. Muuguzi akakimbia kuniletea maji kwenye kikombe, nikanywa, nikasukutua, nikatema kidogo juu ya ule mkono uliovimba, na hapo machozi yakanitoka yote kwa pamoja. "Nimeyarudisha," nikamwambia mpishi, ambaye hakusikia kitu. "Bwana, mimi sikutaka ufe. Nilitaka friji yangu tu."

"Leteni spiriti," daktari akasema. "Nyingi."

Kidole kikatoka. Kesho yake nilihesabu: elfu mbili na mia tano. Siku iliyofuata, elfu nne. Kufikia hapo hospitali nzima ilikuwa inangoja dirishani kwangu kama watu wanaongojea matokeo ya mpira redioni. "Leo ngapi, sista?" Nilipotoka na elfu kumi na sita, mfagiaji alipiga vigelegele, na mama akaniuliza jambo moja tu: "Wakubwa wamerudi?"

"Wamerudi, mama."

Daktari alisema ni kisu na sindano. Mama alisema ni mate. Foleni ilisema ni mbuzi, ingawa mbuzi nilimkataa, akabaki mlangoni kwangu siku tisa akila karatasi za serikali, mpaka mama alipompeleka jikoni mwenyewe. Mimi nilisema ni damu, iliyotuonya mapema. Hakuna aliyenisikiliza.

Mpishi alirudi kazini baada ya mwezi na nusu, amekonda, hana kicheko. Asubuhi yake ya kwanza nilikuwa kwenye hadubini niliposikia mlango wa friji ukifunguliwa. Nikageuka. Alikuwa amesimama na paja la mbuzi, limefungwa kwa gazeti. Foleni nje iliona, ikarudi nyuma kama siku ile. Mzee mmoja akamshika mtoto wake bega.

Nikafungua mdomo. Mpishi akaniinulia ule mkono wa kulia, vidole vitatu na gumba, na pengo katikati.

"Sema," akasema.

Nilidhani ananichokoza. Kisha nikaona paja bado liko nje ya friji. Mwanamume aliyecheka mbele ya laana yangu alikuwa anangoja kwa kweli, anataka kujua nitatoa neno gani.

"Rafu ya chini," nikasema. "Na uifunike."