Dawa ya Nafuu

Kochi, kabla halijavaa kitambaa chake, huvaa fulana. Ndivyo alivyozoea kusema Fundi Sponji, na kila aliyepita mikononi mwake kujifunza kazi aliondoka na usemi huo. Fulana ni marikani, kile kitambaa cheupe cha bei ya chini. Fundi hukivuta juu ya sponji, akakipiga pini mbili tatu za kuonja, akakibandua, akakirudia, mpaka mabega ya kochi yakae sawa. Ukikosea kwenye fulana hujaharibu kitu cha mtu. Ukisharidhika ndipo unapothubutu kupitisha mkasi kwenye kitambaa cha mwenye mali. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumharibia mteja kitambaa, na aliamini kuwa siri ilikuwa moja tu: anza na cha nafuu.

Alikuwa mnene, wa mwendo wa taratibu. Karakana yake ilikuwa chumba chenye mlango wa bati, ukuta kwa ukuta na seremala aliyemtengenezea fremu. Seremala ndiye aliyembandika jina la Sponji, kwa sababu hakugombana na mtu: ukimbonyeza anabonyea, ukimwachia anarudi alivyokuwa. Yeye naye alimwita seremala Msumari, na akasema jina hilo halihitaji maelezo.

Nyumbani alikuwa na kazi ya pili. Mke wake aliugua homa ya uti wa mgongo wakati binti yao wa pekee angali mdogo. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Sauti yake alibaki nayo, ila hakuweza tena kuipima, kwa hiyo mara alinong'ona sokoni, mara akapaza msibani. Akajifunza kusoma midomo. Mumewe alinyoa sharubu zake kwa ajili hiyo, sharubu alizozipenda kuliko alivyokubali kusema, akazoea kukaa upande ule ambao dirisha linammulika usoni. Wakiwa mbele ya watu, na anayezungumza akawa mwenye haraka au mwenye ndevu nyingi, mke alimgusa mumewe kiwiko na kuuliza, "Amesemaje?" Naye humgeukia na kumwambia kwa maneno machache, yaliyokatwa kwa kipimo. Hakuna kazi aliyoionea fahari kama hiyo, ingawa hakumweleza mtu.

Mchana, fundi akiwa karakana, kazi hiyo ilikuwa ya Kengele. Binti yao ndiye aliyemleta, kabla hajaolewa: mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, la pili limelala kana kwamba limechoka kusikiliza. Hakuna aliyemfundisha. Mtu akibisha getini, Kengele habweki. Aligundua mapema kuwa katika nyumba ile kubweka hakuna faida. Humwendea mama, humgusa goti kwa pua, huelekea mlangoni, kisha hugeuka kuangalia kama anafuatwa. Sufuria ikichemka, pua gotini. Simu ikitetemeka mezani, pua gotini. Mke aliwaambia wageni kwamba huyu ndiye mume wake wa zamu ya mchana, na fundi alicheka zaidi ya wageni.

Mikono ya mke ndiyo iliyogundua. Alikuwa akimkuna Kengele chini ya taya, vidole vikakutana na vinundu viwili, kila kimoja kama ndimu. Alimwita mumewe. Fundi alipapasa kama anavyopapasa mto alioutilia shaka, akakuta vingine mbele ya mabega na nyuma ya magoti. Mbwa hakulalamika. Alikuwa tu ameanza kubakiza chakula.

Walikwenda kwa daktari wa mifugo, dada mmoja kijana mwenye kliniki karibu na stendi. Alichoma sindano nyembamba kwenye kinundu, akatoa kitu kidogo cha kwenda kupimwa, akawaambia warudi. Waliporudi alikuwa na mafua na amevaa barakoa. Mke aliingia, akaiona ile barakoa, akaketi kwenye benchi huku akimshika Kengele shingo. Alijua kuwa siku hiyo yote yatapita kwa mumewe.

Daktari aliongea kwa upole. Alisema ni saratani ya mitoki, ile inayoshika tezi za kinga za mwili, na katika mbwa huenda kwa kasi. Hakuna dawa itakayoifuta kabisa, ila zipo njia za kumwongezea muda, tena muda mzuri. Ya kwanza ni sindano na dripu kwenye hospitali kubwa ya wanyama, ambayo iko mbali, na safari zake ni za mara kwa mara. Ya pili ni vidonge vya kupigana na saratani yenyewe, ambavyo mwenye mbwa anaweza kumpa nyumbani. Hivyo vina masharti: mtu avae glavu, kidonge kisivunjwe wala kusagwa, kiende na chakula, kinyesi kiokotwe kwa uangalifu, mwenye mimba asivisogelee, na damu ya mbwa ipimwe kila baada ya muda. Alimtazama fundi, ambaye uso wake ulikuwa umesimama kama wa mtu aliyesomewa hesabu ndefu. Akamwonea huruma.

"Au tunampa dawa ya nafuu," akasema.

Daktari alikusudia nafuu ya mgonjwa: kidonge cha kushusha uvimbe, cha kumfanya ale na alale vizuri mpaka mwisho ufike, basi. Lakini kwa fundi wa makochi neno hilo lilikuwa na maana moja tu tangu ujana wake. Alisikia nafuu ya bei. Akaona marikani. Akaona dawa ya kuonjea, ya kuweka mambo sawa kabla hujagusa ile yenyewe, na moyo ukamtulia, kwa kuwa hatimaye daktari alikuwa anazungumza lugha yake.

Mke akamgusa kiwiko. "Amesemaje?"

Fundi akamgeukia. "Tuanze na ya nafuu."

Mke alimtazama midomo, kisha macho. Akaitikia kwa kichwa na kuinama kumpangusa Kengele pua. Daktari aliuliza kama wameamua hivyo, fundi akasema ndiyo, hiyo kwanza. Chumba cha pili mbwa wa watu alikuwa akilia, na hilo "kwanza" likamezwa humo.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Mke alikizungushia kidonge kipande cha ini la kuchemsha, na Kengele alikimeza bila maswali. Vinundu vikanywea. Mbwa akala, akanywa maji kama injini, akaamsha nyumba kwa kutaka kutoka kukojoa. Fundi alitamba karakana. Alimwambia Msumari kuwa fulana imekaa vizuri, sasa anajiandaa kukata kitambaa.

Msumari aliacha randa. "Kumbe hata mbwa unamshonea."

"Cheka tu. Wewe ungempiga misumari."

Nyumbani kulikuwa na mambo ambayo hakuyaelewa. Mke wake, ambaye hakumruhusu hata mgeni kukalia lile kochi la buluu kwa miguu michafu, alimpandisha Kengele juu yake na kumfunika kanga. Alimpiga picha nyingi, mpaka za makucha. Alimwandikia binti yao aje, naye akaja na mumewe, akashinda Jumapili nzima amekaa sakafuni, akaondoka macho yamevimba. Fundi alidhani wamegombana njiani. Alimvuta mkwewe pembeni na kumuusia kwa upole kuwa ndoa inahitaji uvumilivu. Kijana wa watu aliitikia tu, "Ndiyo baba," na kutazama viatu vyake. Fundi akaona ujumbe umefika.

Kisha vinundu vikarudi. Safari hii vilikuwa vigumu, na vile vya chini ya taya vilimfanya Kengele akorome hata akiwa macho. Fundi hakuogopa. Alifunga karakana mapema na kwenda kliniki peke yake, akiwa na furaha ya mtu anayekwenda kuchukua kitu chake. Alimwambia daktari kuwa ile ya mwanzo imefanya kazi yake, sasa wahamie kwenye vidonge vyenyewe.

Daktari hakuwa na barakoa siku hiyo. Alivuta kiti na kumkalisha.

"Baba, nilidhani mlichagua."

"Tulichagua kuanza na hii."

"Hii si ya kuanzia." Alimweleza polepole. Kidonge kile kikitangulia peke yake, saratani inakizoea, na ikishakizoea inakuwa sugu hata kwa dawa zinazokuja nyuma. Ndiyo maana anayetaka vile vidonge vyenyewe huanza navyo mapema, kabla ya hiki. Bado vinaweza kujaribiwa, lakini matumaini yamepungua, yamepungua sana. "Nilipaswa kuliweka wazi. Nilikuona umechoka, nikaona nisikubebeshe."

Fundi aliuliza swali moja tu, kama angempa vile kwanza ingekuwaje. Daktari alisema hakuna anayeweza kuahidi, lakini wako mbwa waliokaa miezi mingi wakiwa na afya yao. Fundi alimshukuru, kwa sababu alikuwa mtu wa kushukuru, akatoka, akapita mlango wa nyumba yake mpaka mwisho wa barabara bila kujua amepita.

Alipoingia ndani alikaa upande wa dirisha. Mke alikuwa kwenye kochi la buluu, kichwa cha Kengele mapajani. Mume alimwambia kwamba dawa imekataa, na mke alimpapasa mbwa na kusema alijua tu siku hizi zitafika.

"Ulijuaje?"

"Si ulisema mwenyewe. Nafuu." Alitamka neno hilo polepole, kama alivyoliona midomoni mwake. "Nikajua hakuna cha kumponya, kuna cha kumpunguzia tu. Nikamwambia binti yetu aje amuage. Nilishukuru hukunificha."

Ndipo fundi alipoelewa lile kochi, na zile picha, na macho ya bintiye, na viatu vya mkwewe. Kwa majuma yote hayo mke wake alikuwa akiaga, na yeye alikuwa akisubiri kukata kitambaa, ndani ya nyumba moja, mezani pamoja. Angeweza kunyamaza hapo. Uso wa mke ulikuwa umetulia, na hakuna mwingine aliyejua. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye mwanga, na mke alikuwa akimtazama midomo. Akamwambia yote, ya glavu, ya masharti, ya neno alilolisikia na maana aliyolipa.

Mke aliuliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Kwa hiyo palikuwa na nyingine?"

"Ilikuwepo."

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alirudi kumpapasa Kengele, na baada ya muda akasema kwamba angemwambia njia zote tatu wangeuliza pamoja. Fundi alisema ndiyo.

Kesho yake walikwenda wote. Mke hakumgusa kiwiko. Alisimama mbele ya daktari na kumwomba atazamane naye na aseme polepole, akauliza mwenyewe: atateseka, atakula, tukijaribu tunamfanyia yeye au tunajifanyia sisi. Daktari akamjibu moja baada ya jingine. Mke aliamua wajaribu, na siku mbwa atakapokataa ini, waache. Fundi alikuwa nyuma yao ameshika mnyororo.

Vidonge alivitoa yeye. Kila jioni alivaa glavu kwenye vidole vyake vinene vilivyotobolewa na pini za miaka yote, akakichukua kidonge kizima kana kwamba ni yai la njiwa, na kuchungulia mdomo wa mbwa kuhakikisha kimepita. Hakuwahi kufanya kazi yoyote kwa usafi kama ule. Vinundu vilinywea kidogo, vikasita, vikaendelea. Asubuhi moja Kengele alinusa ini, akamtazama mama kama anayeomba radhi, akageuza kichwa. Daktari alikuja nyumbani mchana huo na sindano ya kumpumzisha. Mwishoni kabisa mtu alibisha getini, muuza mkaa tu, na Kengele aliinua pua kulitafuta goti. Mke alilisogeza goti likamfikia.

Tangu hapo mke wake anaongea na watu mwenyewe. Dukani anamwambia kijana atoe mkono mdomoni ili amsome midomo. Msibani anawageuza watu mabega wamtazame. Majirani wanasema amechangamka, na ni kweli. Fundi husimama pembeni amebeba mfuko. Kiwiko chake hakiguswi tena. Karakana nako, mteja akiagiza kitambaa cha nafuu, fundi huuliza nafuu ya namna gani, na Msumari, ambaye ana utani kwa kila kitu, kwa hilo huendelea tu kupiga randa.

Alifanya alichoweza kufanya kwa mikono. Alichukua ule ukanda mpana wanaofunga chini ya makochi, akaupitisha kutoka getini, chini ya ukingo wa dirisha, hadi kwenye kiti cha mke wake, na mwishoni mwake akashona kijimto cha sponji alichokivisha fulana kwanza na kisha kipande cha velveti. Mtu akivuta kule nje, kijimto kinamgusa mke gotini. Mke alikisifu, akasema ni kazi nzuri.

Fundi ana ufunguo wake, lakini siku za mwanzo alikuwa akivuta ule ukanda kabla ya kuingia, apate kuona kama unafanya kazi. Kupitia dirishani alimwona mke wake ameinamia mchele. Kijimto kilimgusa. Kabla hajainua uso kutazama geti, mkono wake ulishuka wenyewe pembeni ya goti, vidole vimekunjuka, kwenye kimo cha kichwa cha mbwa.

Siku hizi fundi anafungua geti kimyakimya na kuzunguka mbele, mpaka mke amwone.