Shamba la Kulinganishia

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tunafanya utafiti", natafuta mlango wa kutokea. Watoto wangu wananicheka. Wacha wacheke, wao walikuwa wadogo, njaa ya mwaka ule wameshaisahau. Mimi sijaisahau, na sina mpango wa kuisahau.

Tulikuwa tunakaa Kasokola wakati huo, kabla hatujahamia Nsemulwa. Shamba letu lilipakana na la wifi yangu, dada wa mume wangu, katikati ni kijinjia cha baiskeli tu. Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: mimi na wifi hatukuwa tunapatana. Yeye aliniona nimekuja kula mali ya kaka yake. Mimi nilimwona mtu wa kuchungulia. Akipita kwangu jioni, jicho la kwanza linakwenda jikoni, salamu baadaye. Nikipika dagaa leo, kesho nasikia kwa watu kwamba kwa kaka yake siku hizi ni dagaa tu.

Basi wakaja watu wa chuo kikuu na gari lao jeupe. Walikuwa mchanganyiko. Yuko wa udongo, anachota mchanga wetu anautia kwenye vimfuko. Yuko wa wadudu, anapekua majani ya mahindi toka asubuhi. Na yuko kijana mmoja mrefu, wa maswali. Huyu shamba hakuligusa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti changu, kishikwambi mapajani, na kuuliza watu wanaishije. Mkubwa wao alikuwa daktari, siyo wa sindano, wa vitabu, mwanamke mwenye sauti ya upole kiasi kwamba ukikasirika mbele yake wewe ndiye unaonekana kichaa.

Walitaka kujua kama dawa yao, waliyoitengeneza kwa majani, inazuia viwavijeshi kwenye mahindi. Ikapigwa kura. Wifi akapata dawa. Mimi nikapata kukosa. Shamba la kulinganishia, ndivyo walivyoliita langu. Maana yake nisipulize kitu, iwe dawa ya dukani, iwe majivu, na nisiokote hata kiwavi kimoja kwa mkono, ili ionekane mdudu akiachiwa anafanya nini.

"Na wakija wakala yote?" nikauliza.

"Hilo ndilo tunataka kuliona, mama," daktari akajibu. Halafu akauona uso wangu, akaongeza kwamba wamelifikiria. Kijana wa maswali atapita nyumbani kwangu msimu mzima. Ikionekana chakula cha familia kimepungua kwa sababu ya utafiti, mradi utatuletea mahindi ya kutufikisha mavuno mengine. Alisema hivyo mbele ya mtendaji wa kata na watu wote waliokuwepo. Mume wangu alikubali kabla daktari hajamaliza kusema, maana kofia ya mradi waliyomgawia alishaivaa kichwani.

Viwavi hawakuchelewa. Mahindi yangu yalikuwa yananifika magotini walipoingia. Nilikuwa natembea mle shambani mikono nimeifunga nyuma, namwona kiwavi amejificha kwenye majani machanga anakula kwa raha zake, na mimi mwenye shamba siruhusiwi hata kumfinya. Nililia kwa hasira, sitaki kudanganya. Wifi naye alikuwa anakuja kusimama upande wake wa kijinjia, mikono kiunoni, mahindi yake nyuma yake yamesimama kijani.

"Jamani wifi, pole. Mbona yako yamekuwa hivyo?"

Na anajua! Alikuwepo kwenye kura, alinicheka kwenye kura. Nikasonya, nikaondoka.

Wenzetu walipoanza kuchoma mahindi mabichi, sisi tulikuwa tunakwangua unga wa mwaka uliopita. Nikaanza kupunguza. Asubuhi uji mwepesi usio na sukari, mchana hakuna kitu, usiku kaugali na mlenda. Baadaye hata uji ukaondoka. Wanangu wakazoea kulala jua likizama, kwa sababu aliyelala haombi. Mume wangu alikuwa anashinda mjini Mpanda, na sikumuuliza huko mjini alikuwa anakula wapi.

Na kijana wa maswali anakuja. Tena anakuja mchana, saa ya chakula. Sasa sijui nyie mmelelewa wapi, ila mimi mama yangu alinilea hivi: mgeni akifika, anakula. Huna, unaazima. Na hata siku moja humwambii mgeni kwamba kwako hamjala. Bora uvuliwe nguo sokoni. Kwa hiyo namwekea kiti, naingia jikoni, ule unga wa usiku wa watoto nausonga mchana ule. Siku moja nilimchinjia kuku. Ananawa, anakula, anasifia mchuzi, halafu ndiyo anawasha kishikwambi chake.

"Mama, jana mlikula mara ngapi?"

Ananiuliza huku tonge langu liko shavuni kwake! Na hapo nje wifi ameinama uani, anajifanya anatafuta kifaranga chake. Ningejibu nini?

"Tumekula vizuri tu. Asubuhi, mchana, na usiku."

"Kuna siku mtu yeyote humu ndani alilala bila kula?"

"Hapana, baba. Tunamshukuru Mungu, tunashiba."

Anabonyeza, anaaga, anawasha pikipiki. Nami nikawa najiambia, huyu si ana macho? Watoto amewaona walivyokonda. Kihenge amekiona, maana kiti chake nilikuwa nakiweka makusudi pembeni ya kihenge, mlango wake wazi, ndani hamna hata punje. Shamba lenyewe wamelipiga picha kila kona. Nilidhani msomi anauliza kwa adabu, halafu anaangalia mwenyewe kama watu wengine wote wanavyofanya. Mtu wa kwetu ukimwambia umeshiba na midomo imekukauka, anajua, na kesho yake anakuletea viazi bila kusema neno.

Mavuno yalipokwisha tukaitwa ofisi ya kata kusikia matokeo ya awali. Wakatundika shuka jeupe ukutani, wakawasha jenereta nje, picha zikaanza kupita. La kwanza shamba la wifi. Watu wakapiga makofi, wifi akajifanya anaona haya, akajitanda kanga yake upya. La pili langu. Ukumbi ukacheka. Kuna mtu huko nyuma akauliza hilo shamba limelimwa na marehemu au vipi. Nikameza. Nilijiambia, meza tu, mahindi ya watoto yanakuja.

Ndipo daktari akasema kuna jambo moja limewashangaza. Shamba lisilopata dawa limeharibika karibu lote, lakini familia yenye shamba hilo haikupungukiwa chakula hata kidogo. Wameendelea kula mara tatu kwa siku, msimu mzima. Inaonekana familia za huku zina njia zao za kujihimili, na chuo kitapenda kuja kujifunza njia hizo. Kwa hiyo yale mahindi ya mradi hayatahitajika.

"Ni habari njema," akasema, na akatabasamu.

Njia zetu! Njia yangu mimi ilikuwa kuwalaza watoto na jua. Jina hakulitaja, wanasema majina ni siri. Siri ya wapi? Shamba la kulinganishia kata nzima lilikuwa moja. Vichwa vyote vikanigeukia. Wifi aligeuza na kiti.

Nilikuwa na mawili. Nikae kimya na heshima yangu, nirudi nyumbani mikono mitupu kwa wanangu. Au niseme, mbele ya mwanamke aliyesubiri miaka yote hiyo asikie kwamba kwangu hakupikwi. Mume wangu alinishika upindo wa kanga. "Usithubutu," akaniambia kwa meno. Nikasimama.

"Hayo ni uongo," nikasema. "Kwangu tulilala njaa."

Kijana wa maswali akasimama, amepauka.

"Lakini mama, ulinijibu mwenyewe..."

"Ulitaka nikujibu nini? Umekaa kwenye kiti changu, unakula ugali wangu, na ugali ule ulikuwa wa usiku wa wanangu! Siku uliyokuja wewe, ndiyo siku waliyolala bila kitu kabisa. Na yule kuku uliyemsifia mchuzi, ndiye alikuwa wa mwisho kwenye banda. Hukuona? Watoto hukuwaona? Umesoma mpaka huko ulikosoma, na macho umeyaacha wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Wifi akaweka kiganja mdomoni. "Kumbe!" akasema, kwa sauti ya kutosha mstari wa nyuma, nikajua hiyo habari itafika Ugalla kabla sijafika nyumbani. Roho iliniuma, lakini nilishasema, na nilibaki nimesimama nikisubiri.

Daktari akanipa pole. Akasema kwa ile sauti yake kwamba majibu yalishachukuliwa na kuchambuliwa, hayawezi kubadilishwa ndani ya mkutano kwa sababu mtu leo anasema vingine. Akifanya hivyo, kazi yote itatiliwa shaka. Maneno yangu atayaweka kama angalizo, na msimu ujao kijana atarudi kuuliza upya. Angalizo! Nilipanga kumwambia kitu ambacho nisingeweza kukirudia kanisani, lakini jenereta ilizimwa, watu wakaanza kuinuka, kila mtu akawa anawahi kwenda kusimulia.

Njiani mume wangu alisema nimemvua nguo mbele ya kata nzima. Nikamwambia kofia si anayo, ajifunike nayo. Hatukusemeshana siku nyingi.

Mahindi ya mradi hayakuja. Nikaenda kuwapukuchulia watu mahindi yao ili nilipwe mahindi, na wifi akiwemo, maana ndiye aliyekuwa nayo mengi. Alinipimia mwenyewe, na kiganja chake alikilaza juu ya debe yasije yakazidi. Nilibeba kichwani, nikavuka kijinjia, nikasonga ugali, tukala. Ndivyo tulivyofika msimu mwingine.

Na kweli, msimu mwingine kijana akarudi. Saa ileile ya mchana. Alitukuta tumekaa mkekani nje, mimi na wanangu, ugali na maharage katikati yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, nikaendelea kula.

Kwetu mtu akikukuta unakula, neno karibu linatoka lenyewe kabla hujafikiri. Hata mtu mliyegombana jana unamkaribisha. Mimi siku hiyo nililibana kwa meno. Kiti sikumpa. Akasimama juani, helmeti mkononi, kishikwambi kwapani. Alikuwa ametoka mjini asubuhi na amezunguka nyumba za watu, vumbi mpaka kwenye kope, midomo imepasuka. Macho yakamtoka yakaenda kwenye sahani ya maharage, akayarudisha upesi. Niliona. Mimi sihitaji kuuliza mtu maswali ili nijue ana njaa.

Binti yangu wa mwisho, ambaye nilimlea vile mama yangu alivyonilea, akajisogeza kwenye mkeka, akamwachia nafasi.

"Karibu tule," akamwambia.

Kijana akaniangalia mimi. Nikamkazia macho mpaka akatazama viatu vyake.

"Asante, mdogo wangu," akasema. "Nimekula. Nimeshiba kabisa."

"Haya, andika basi," nikamwambia. "Toa kishikwambi chako uandike, mgeni kashiba."

Nikakata tonge lingine.